Wanafunzi wanapima nini mlimani? Kamba, barafu na moto kwenye mteremko wa Kilimanjaro

Anayepita katika vijiji vya juu vya Kibosho, Machame au Marangu, katika miezi ambayo vyuo hupeleka wanafunzi wake fildi, huweza kukutana na kundi la vijana waliovaa mabuti ya mpira, wamebeba futikamba ya mita hamsini, kamba za katani, kopo la rangi na mafaili yaliyovishwa nailoni, wakipanda kuelekea msituni. Saa mbili baadaye, akirudi kwa njia ile ile, huwakuta wamelala kifudifudi ndani ya mraba wa kamba wakihesabu miche isiyofika hata kwenye kifundo cha mguu, na ni haki yake kujiuliza kinachoendelea. Miaka mingi iliyopita, tulipokuwa sisi wenyewe katika hali hiyo, mzee mmoja aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe alisimama, akaitikia shikamoo zetu, kisha akauliza: "Sasa wanangu, mnampimia nani shamba hili?"

Hatukuwa na jibu la maana. Mwenzetu mmoja alisema tunasoma miti, na mzee akacheka, akasema miti yote ya pale yeye anaijua kwa majina na tungeweza kumuuliza bila kujisumbua na kamba. Hata hivyo swali lake halikuwa la mtu asiyejua mambo. Upande wa kusini wa mlima kuna ukanda wa msitu unaoitwa nusu maili, uliotengwa mwaka 1941 ili wananchi wapate kuni, majani na mbao bila kuingia katika msitu wa hifadhi ulio juu yake. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilipoanzishwa mwaka 1973 ilianzia karibu na mwisho wa juu wa msitu, lakini mwaka 2005 mipaka yake ilishushwa na msitu wa hifadhi ukaingizwa ndani. Mtu aliyeona mipaka ikihama juu ya shamba lake ana sababu nzuri ya kumtilia shaka kijana yeyote mwenye futikamba.

Upo mkanganyiko mwingine, mpana zaidi. Kila picha ya Kibo, kilele cha mlima, yenye barafu kidogo inaposambazwa mitandaoni, na kila moto mkubwa unapowaka mlimani kama ule wa Oktoba 2020 uliounguza takriban kilomita za mraba 95, mazungumzo huwa yale yale: theluji inayeyuka, mito itakauka, mlima unakufa. Katika maneno hayo kuna kweli ambayo mara nyingi huwekwa mahali pasipo pake, na namna ya kuirudisha mahali pake ni hiyo hiyo kazi ya kulala kifudifudi ndani ya kamba. Ndiyo maana inafaa kueleza kazi yenyewe inavyofanyika kabla ya kuzungumzia majibu yake.

Tuanze na maneno. Ikolojia ni elimu ya mahusiano ya viumbe: nani anamtegemea nani kwa chakula, kivuli, maji au mahali pa kuzalia, na nini hutokea mmoja anapoondoka. Mfumo ikolojia ni mahali fulani pamoja na viumbe wake wote na vitu visivyo hai wanavyovitumia, yaani udongo, maji, hewa, mwanga na joto. Kihamba cha Mchaga, yaani shamba linalozunguka nyumba, ni mfano unaojulikana na wengi: migomba huifunika mibuni kwa kivuli, majani na vigogo vya migomba hulisha ng'ombe wa ndani, samadi ya ng'ombe hurudi kwenye migomba, na maji hufika kwa mfongo uliochimbwa kutoka mtoni na vizazi vilivyotangulia. Waondoe ng'ombe, na baada ya misimu kadhaa kahawa yenyewe itakupa taarifa. Utafiti wa uwandani, ambao wanafunzi wote huuita fildi, ni kwenda kuyapima mahusiano ya namna hiyo pale yanapotokea.

Kwa nini mlimani na si kwenye tambarare? Kwa sababu mlima ni ngazi ya hali za hewa. Joto hushuka kadiri unavyopanda, kwa wastani wa karibu nyuzi 0.6 za Selsiasi katika kila mita 100 za mwinuko. Mjini Moshi, penye mwinuko wa zaidi kidogo ya mita 800, wastani wa joto la mwaka ni nyuzi 23 hivi. Kwenye kilele cha mita 5,895 wastani huo uko karibu nyuzi 7 chini ya sifuri. Mvua haifuati mstari ulionyooka kama joto. Upande wa kusini huongezeka ukipanda hadi kwenye mita 2,200 hivi, ambako hupita milimita 2,500 kwa mwaka, kisha hupungua tena mpaka kufikia jangwa la baridi kule juu, wakati upande wa kaskazini ni mkavu katika karibu kila kimo. Kutokana na mchanganyiko huo wa joto na mvua, mteremko wa kusini umegawanyika katika mikanda: mabaki ya savana na mashamba ya mahindi chini, vihamba juu yake, kisha msitu wenye mikulo na mipodo, kisha mierika yenye majani membamba kama sindano na kuvumwani zinazoning'inia kama ndevu, halafu nyika ya lobelia na senesio wakubwa, na mwisho mawe matupu.

Faida ya ngazi hii inaeleweka vizuri kwa mfano wa nyumba yenye watoto saba. Anayetaka kujua mtoto hukuaje tangu kunyonya hadi kuota ndevu anaweza kumfuata mtoto mmoja kwa miaka ishirini, au anaweza kuingia katika nyumba yenye watoto saba wa umri tofauti na kuwatazama wote kwa alasiri moja. Fildi ya mlimani hufuata njia hii ya pili. Mwanafunzi mwenye wiki nne hawezi kusubiri miaka hamsini aone msitu wa mita 2,500 utafanya nini joto likiongezeka kwa nyuzi moja na nusu. Lakini anaweza kushuka mita 250, mahali ambapo joto hilo lipo tayari leo, akaangalia ni viumbe gani wanaoishi hapo na ni wangapi.

Kasoro ya mfano huo, kila mzazi anaijua. Kitinda mimba hakulelewa kama kifungua mimba. Mmoja alimkuta baba ana kazi, mwingine alizaliwa mwaka wa njaa, na tofauti zao si za umri peke yake. Vivyo hivyo, ukishuka mita 250 hubadilishi joto tu. Umebadilisha pia mvua, udongo, umbali kutoka vijijini, idadi ya mbuzi wanaopita na historia ya misumeno. Mwanafunzi anayelisahau hilo huandika tasnifu yenye grafu za kupendeza na hitimisho bovu, na nimesoma kadhaa za namna hiyo, ya kwangu ya kwanza ikiwamo.

Dawa mojawapo ya kasoro hiyo ni kutafuta mapacha. Kuanzia mwaka 2010, watafiti wa Ujerumani na Tanzania waliweka maeneo ya uchunguzi 60 kwenye mteremko wa kusini, kuanzia savana hadi juu ya mita 4,000, kwa mpango kwamba katika mikanda mbalimbali kuwe na maeneo yaliyobaki na uoto wake wa asili na mengine yaliyobadilishwa na watu: savana na shamba la mahindi, msitu wa chini na kihamba, msitu wa mkulo usiokatwa na ule uliovunwa. Kwa mpangilio huo joto linalingana na matumizi ya ardhi yanatofautiana, kama pacha waliolelewa katika nyumba mbili. Matokeo ya jumla yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba athari ya mtu kwa viumbe na kwa kazi za mfumo ikolojia hailingani mlima mzima. Hali ya hewa ya mahali ndiyo huamua ukali wake. Kwa hiyo anayesema "kilimo kimeharibu mlima" au "kilimo cha Wachaga hakina madhara" anapaswa kwanza kuulizwa anazungumzia kimo gani.

Sasa zile kamba. Hakuna awezaye kuhesabu kila mche wa mlima, kwa hiyo unachukua sampuli, na hapa mfano mzuri uko sokoni. Mnunuzi wa maharage hafungui magunia yote. Ana bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji, ambacho hulichoma gunia juu, katikati na chini, kwa kuwa anamfahamu muuzaji: maharage mazuri hupangwa mdomoni mwa gunia. Msitu nao una mdomo wake, nao ni njia ya miguu. Kandokando ya njia mwanga ni mwingi, magugu ni mengi, miti iliyokatwa ni mingi, na ndege waliozoea watu ni wengi, hivi kwamba mwanafunzi anayehesabu pale anapofika kwa urahisi anarudi nyumbani na picha ya njia akidhani ni picha ya msitu. Ndiyo sababu huchorwa kwanza mstari kwenye ramani, wengi huuita mkuza, na ploti, yaani vipande vya ardhi vya kupimia, hupangwa kwa umbali uliokubaliwa kabla ya safari. Ikiwa ploti ya nne imeangukia katikati ya upupu, basi inapimwa katikati ya upupu.

Umuhimu wa kutoka njiani ulionekana mwaka 2016, zilipotangazwa habari za mkukusu mmoja wenye urefu wa mita 81.5 katika bonde la mlima huu, mti wa asili mrefu kuliko yote iliyowahi kupimwa Afrika. Kila mwaka maelfu ya watu hupanda Kilimanjaro wakiwa na kamera shingoni, na mti huo ulikuwa umesimama pale muda wote.

Ploti ya kawaida ya miti huwa na mita 20 kwa 20. Ndani yake huwekwa nyingine ndogo ya miti michanga, na ndani ya hiyo mraba wa mita moja kwa ajili ya majani na miche, kwa kuwa anayejaribu kuhesabu majani yote ya mita za mraba 400 atazeeka kabla ya ploti ya pili. Kipenyo cha mti hupimwa kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, yaani kimo cha kifua, upande wa juu wa mteremko, ili kila mtu apime mahali pamoja. Mzingo wa sentimita 157 ukigawanywa kwa 3.14 hukupa kipenyo cha sentimita 50. Huandikwa kwa penseli. Wino ukilowa husambaa, na katika ukanda wa mita 2,200 kila kitu hulowa kufikia saa tano asubuhi.

Kundi letu liliharibu kazi ya siku tatu kwa kosa ambalo linaonyesha vizuri mlima unavyoweza kumdanganya mtu. Tulilaza futikamba juu ya ardhi, tukahesabu mita 20 kufuata mteremko, tukafunga kamba na kuanza kuhesabu miti. Tukasahau kwamba eneo la ardhi, katika ramani na katika hesabu zote za hekta, hupimwa kama linavyoonekana kutoka juu, na halifuati mguu unavyolitembea. Kwenye mteremko wa nyuzi 30, mita 20 za kutembea ni mita 17.3 tu za ramani, kwa hiyo ploti tuliyoiandika kuwa ya mita za mraba 400 ilikuwa na 346, upungufu wa zaidi ya asilimia 13. Mbaya zaidi, kadiri tulivyopanda mteremko ulizidi kuwa mkali, ploti zetu zikazidi kunyauka bila sisi kujua, na jedwali likatoka likionyesha kwamba idadi ya miti kwa hekta hushuka taratibu kwa mwinuko. Grafu ilivutia mno. Msimamizi wetu aliitazama, akauliza tulishikaje futikamba, akaturudishia karatasi. Kumbe ilitakiwa kuishika ikiwa imelala sawasawa hewani, mwenzako wa chini akiinua mkono na kushusha timazi hadi ardhini, hatua kwa hatua, au kurefusha upande wa mteremko hadi mita 23.1. Tulirudi siku ya nne na timazi ya kujitengenezea, kokoto iliyofungwa kwenye uzi wa kushonea, na ule mteremko wa grafu ukapotea karibu wote.

Kwa silaha hizo chache, yaani ngazi, mapacha, bambo na timazi, turudi kwenye yale mazungumzo ya mitandaoni.

Dhana inayorudiwa kuliko zote ni kwamba maji ya mito ya Kilimanjaro yanatokana na theluji ya Kibo, na kwa hiyo barafu ikiisha mito itakauka. Kwamba barafu inapungua hakuna ubishi: mwaka 1912 ilikuwa karibu kilomita za mraba 12, na miaka mia moja baadaye ilikuwa haifiki 2. Lakini hebu tupige hesabu ya darasa la sita. Milimita 2,000 za mvua ni mita 2 za maji, kwa hiyo kilomita moja ya mraba ya msitu inayopata mvua hiyo hupokea mita za ujazo milioni 2 kwa mwaka. Ili barafu yenye eneo la kilomita za mraba 2 itoe kiasi hicho hicho, ingelazimika kupoteza mita nzima ya maji juu ya eneo lake lote. Wakati huo huo msitu hauna kilomita moja wala mbili. Una mamia ya kilomita za mraba. Sehemu kubwa ya mvua hiyo hunywewa na miti au hurudi hewani kwa mvuke, ni kweli, lakini barafu nayo haitoi yote iliyo nayo, maana katika hewa kavu na jua kali la juu sehemu yake hugeuka mvuke moja kwa moja bila kupita kwenye maji. Chemchemi zinazolisha mito inayoelekea Kikuletwa, Ruvu na hatimaye Pangani hutegemea hasa mvua inayonyesha kwenye ukanda wa msitu na kuzama ardhini. Barafu ya Kibo ni sarafu zilizosahauliwa juu ya kabati. Mshahara wa nyumba unaingia kwa mlango mwingine.

Hilo halifanyi kupotea kwa barafu kuwe jambo dogo. Ni kumbukumbu ya hali ya hewa ya maelfu ya miaka inayofutika, na ni sura ya nchi. Ninachokataa ni huzuni ya Watanzania kutazama juu peke yake wakati bomba linavuja katikati.

Katikati hapo ndipo penye ukungu. Kipimo cha mvua cha kawaida ni chombo kilichowekwa mahali pa wazi, na hupokea kile tu kinachoanguka. Ukungu hauanguki. Hupita ukielea, na unapokutana na vijitawi vya mierika na zile kuvumwani zilizoning'inia, matone madogo hunasa, hujiunga, hudondoka. Jaribio zuri kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ni kuweka vyombo viwili, kimoja kwenye uwazi na kingine chini ya mwerika wenye kuvumwani, kisha kusubiri asubuhi ya ukungu isiyo na mvua. Cha kwanza kitakuwa na unyevunyevu wa kufuta kwa kidole, na cha pili kitakuwa na maji ya kupima. Mtu aliyewahi kutembea huko anajua hili kwa koti lake: njiani pakavu, chini ya miti anapita akilowa. Kwa hiyo mierika ikiondoka, mvua inaweza kubaki ile ile kwenye vitabu na bado mlima ukapokea maji pungufu, kwani wavunaji wake wa ukungu wamekwenda.

Na mierika imekuwa ikiondoka, jambo linalotupeleka kwenye dhana ya pili. Watu waliosoma kidogo kuhusu mabadiliko ya tabianchi hutarajia kwamba dunia ikipata joto miti itapanda juu, kila ukanda ukihama ngazi moja kufuata baridi yake. Ni fikra ya busara, na mfano wa watoto saba unaielekea. Kwenye Kilimanjaro mpaka wa juu wa msitu umefanya kinyume. Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani aliyeuchunguza uoto wa mlima huu kwa miongo mingi, alionyesha kwa kulinganisha picha za setilaiti za tangu mwaka 1976 kwamba mioto imeushusha mpaka huo, na kwamba mahali palipokuwa na msitu wa mierika mirefu pamebaki vichaka. Hali ya hewa ikiwa kavu zaidi, moto unaoanzishwa na mtu, awe mrina asali, mwindaji au mpishi wa kambini, hupata kuni tayari. Mwerika ulioungua huweza kurudi kama kichaka, na kichaka kikiungua tena kabla hakijawa mti, mti hauji kabisa. Joto linaiita miti juu. Moto unaisubiri mlangoni.

Unajuaje kwamba kichaka unachokiona leo kilikuwa msitu? Hapa mwanafunzi huhitaji kisu tu. Anachimba kishimo cha sentimita kumi au kumi na tano, anakwangua ukuta wake taratibu, na mara nyingi atakuta punje nyeusi. Huichukua moja na kuisugua kwenye kidole gumba. Udongo mweusi wa mboji huvunjika na kuacha tope la kahawia, lakini mkaa huacha mstari mweusi uliokolea kama wa penseli na hung'aa kidogo unapopasuka. Hesabu ya vishimo vyenye mkaa, pamoja na mashina yaliyoungua yaliyobaki kati ya vichaka, hueleza habari za moto ambao hakuna aliyekuwapo kuuandika. Mwaka 2020 wengi waliona moto wa Kilimanjaro kwa mara ya kwanza kwenye simu zao na kudhani ni jambo jipya kabisa. Udongo ulikuwa umeshauandika mara nyingi.

Dhana ya tatu nitaipitia haraka: kwamba palipo kijani ni pazima. Kutoka angani kihamba na msitu vyote ni kijani, na hata msitu uliovunwa mikulo yake mikubwa hubaki kijani kwa mbali. Tofauti iko chini, kwenye ule mraba wa mita moja. Miti mikubwa bila miche chini yake ni kama kijiji cha wazee watupu; nyumba zinapendeza, shule imefungwa. Mkulo huweza kuchipua kutoka kwenye mizizi, hivyo kukosekana kwa miche ya mbegu pekee hakutoshi kutoa hukumu, na hapo ndipo kuzijua tabia za mti mmoja mmoja kunapomfaa mwanafunzi kuliko fomula. Yule mzee wa majani ya ng'ombe angetusaidia sana katika hili, na tulikuwa wapumbavu kutomuuliza.

Majibu ya Kilimanjaro hayahamishiki kirahisi kwenda milima mingine. Kilimanjaro ni volkano, na kwa hesabu za miamba ni kijana. Usambara, Uluguru na Udzungwa ni milima ya miamba ya kale mno, inayopokea unyevu wa Bahari ya Hindi kwa muda mrefu kiasi kwamba viumbe wengi wa huko hawapatikani kwingine popote. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo anayefanya fildi katika msitu wa Mazumbai, Usambara Magharibi, anakutana na maswali tofauti na mwenzake wa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori, Mweka, aliye kwenye mteremko wa Kilimanjaro wenyewe. Mmoja anauliza hasa nani amebaki hapa peke yake duniani na kwa nini, mwingine anauliza hasa nani amehamia kimo gani. Futikamba ni ile ile.

Kuhusu wasiwasi wa mipaka, kuna njia rahisi ya kuuondoa. Mwanafunzi wa kweli huwa na barua ya utambulisho ya chuo chake na kibali cha wenye eneo, iwe ni hifadhi ya taifa, Wakala wa Huduma za Misitu au serikali ya kijiji, na mgeni kutoka nje ya nchi huhitaji pia kibali cha utafiti cha Tume ya Sayansi na Teknolojia. Mwananchi ana haki ya kuomba kuziona karatasi hizo. Kundi linalokasirika kwa kuombwa barua halikufundwa vizuri.

Limebaki swali ambalo wanafunzi wenyewe hujiuliza usiku wakiwa wanakausha soksi motoni: wiki nne za kijana mmoja zinaweza kusema nini kuhusu mlima wenye umri wa zaidi ya miaka milioni mbili? Peke yake, kidogo sana. Mti wa msituni huweza kunenepa kwa milimita chache tu kwa mwaka, kiasi ambacho mkono uliotetemeka kwa baridi unaweza kukikosea kwa kipimo kimoja. Ndiyo sababu ploti nyingine hufanywa za kudumu. Kila mti hupigiliwa kibati cha aluminiamu chenye namba, msumari ukiachwa umechomoza vidole viwili ili mti unaponenepa usikimeze kibati, na pale kwenye mita 1.3 huchorwa mstari wa rangi ili anayekuja baada ya miaka mitano asikadirie kifua chake kiko wapi. Kisha kwenye daftari huandikwa, kabla ya jina la mti wowote, kimo, upande wa mlima, ukali wa mteremko, na kama pana dalili za moto, shoka au mifugo.